Hodi ya Tatu

Mpendwa Mshauri,

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara mbili, kwa hiyo nisamehe ikiwa maneno yatafuatana bila mpango, maana jambo lenyewe likisemwa kwa sauti ni la kuchekesha, na mimi mwenyewe siku nyingine hulicheka, kisha nashindwa kukaa.

Mimi ni karani wa ghala, mtu wa Bukoba, nimepanga chumba kimoja hapa Temeke katika nyumba ya Bi Mwanakombo, na mke wangu Kokushubila alifariki kwa homa masika yaliyopita. Majina mengine yote humu nimeyabuni, hilo tu ndilo la kweli, kwa sababu napenda kuliandika.

Mke wangu alikuwa na desturi yake, hata mlango ukiwa wazi hakukubali niingie bila kupiga hodi. Atauliza, "Nani?" nami nitajibu, "Mimi." "Mimi nani?" "Mumeo." "Mume yupi?" "Yule aliyetoka asubuhi akasahau kofia." Hapo ndipo nilipopewa karibu yangu, na punje mbili za kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kopo lake, kama mgeni aliyetoka mbali.

Basi alipokwisha kuzikwa, ulimi wangu uliendelea. Nafika saa kumi, napiga hodi, nagutuka, naingia. Lakini siku moja nilipiga ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na wewe wajua tumefundishwa kwamba hodi tatu zisipoitikiwa mtu huenda zake, nami nikageuka nikaenda zangu. Nilikuwa nimefika mbali kwenye njia ya Mbagala, ufunguo mfukoni, ndipo nikakumbuka kwamba chumba kile ni changu. Tangu siku hiyo imekuwa ndiyo kazi yangu, napiga hodi tatu, sijibiwi, naondoka, natembea Barabara ya Kilwa mpaka miguu iume, narudi, nazunguka nyumba, sikai, hata chakula nakula nimesimama.

Mwezi jana jirani yangu Tabu, mjane anayekaanga vitumbua uani, nadhani alichoka kuniona nikigeuka, maana nilipomaliza hodi ya tatu aliitikia kutoka kwenye moshi wake, "Karibu, bwana karani. Mwenyewe hayupo, ila kiti kipo." Nikaingia. Nikaketi. Nikasinzia pale pale kitini mpaka magharibi. Kesho yake akaitikia tena, na siku ya tatu, naona aibu kusema, nilimdanganya mzungu wa ghala kwamba naumwa jino, ili niwahi.

Lakini ua mmoja una masikio mengi. Bi Mwanakombo aliniita akaniambia, "Mwanangu, mwanamke anayeitikia hodi ya chumba ndiye mwenye chumba. Watu wananiuliza mmeozwa lini, mbona wao hawakula pilau." Na kaka yake Tabu, Kondo, kuli wa bandarini, alinisimamisha bombani akasema, "Shemeji, hujambo?" na hakucheka. Siku hizi Tabu akiniona huingia ndani mpaka nipite, na vitumbua anavikaangia mbele ya nyumba, penye vumbi.

Rafiki yangu Leodegar amenitafutia chumba Kinondoni, naye atakuja Jumapili kuchukua jibu. Nikihama namwacha mke wangu mlangoni, maana sauti yake haiko mahali pengine ila pale. Nikibaki, jina la mwanamke mwema linaharibika kwa ajili ya ulimi wangu. Nifanyeje?

Mpiga Hodi, Temeke

*

Bwana Mpiga Hodi,

Pole kwa msiba. Kwa kuwa pole umekwisha kupewa nyingi, sasa pokea na maneno mengine.

Kwanza, jina la mkeo nalo nimelibadili. Ulilotuandikia lingemfichua Tabu kabla gazeti hili halijafungiwa vitumbua.

Kinondoni usiende. Huko utapiga hodi vilevile, na hakuna hata mmoja atakayejua kwa nini unageuka.

Kuhusu Tabu umekosa, ingawa kwa upole. Alikupa neno moja la huruma, wewe ukalifanya dawa ya kila siku, ukamdanganya mzungu wa watu kwa kisingizio cha jino, wala hukujiuliza mwenye kuitoa dawa hiyo anapata nini. Anapata vumbi. Leo hii mwendee Bi Mwanakombo, mpe shikamoo yake, umsimulie habari ya hodi kama ulivyonisimulia mimi, kofia na yote. Mwombe awaite Tabu na kaka yake, na mbele yao useme kwamba hapana posa hapa, na kosa ni lako. Mshukuru Tabu, mara moja tu, umwombe asiitikie tena, arudi uani kwenye meko yake. Ikiwa siku moja utakuwa na neno lingine la kumwambia, Kondo umekwisha kumjua. Posa ina mlango wake, na mlango huo haupigiwi hodi kwa kusahau.

Sasa hodi yenyewe. Mwenye chumba kitupu hapigi hodi kwake, bwana, hiyo ilikuwa michezo yenu wawili, na mmoja amekwenda. Kesho saa kumi toa ufunguo, ingia kimya, acha mlango wazi, keti. Itauma. Keti hivyo hivyo. Tena kula umekaa.

Hukuniambia kopo la kahawa liko wapi. Nadhani halijafunguliwa tangu masika. Lifungue, maana Jumapili Leodegar atakuja, naye atapiga hodi. Usikimbilie kumkaribisha. Muulize, "Nani?" Atasema, "Mimi." Muulize, "Mimi nani?" na umngoje mpaka ajibu vizuri. Kisha mpe punje mbili.