Pindo Moja Limebaki

Mwaka umetimia, dada, tangu cherehani yako inyamaze saa nne asubuhi, sare ya mtoto wa watu ikiwa bado chini ya sindano.

Kila gauni la mtoto ulilikunja mapindo mawili, moja juu ya jingine, hata wateja wakakuita Mama Pindo. Wakinung'unika kwamba kitambaa kinaliwa bure, uliwajibu kuwa mtoto hashonewi alivyo, hushonewa atakavyokuwa. Ulicheka na pini zako mdomoni, mama akigomba kwamba iko siku utazimeza.

Ulipoangushwa na kifafa cha mimba, siku tatu hukutujua. Shemeji alikaa kwenye benchi la wodi, kandambili zako mkononi, hataki kupokewa. Ulipozinduka ulimuulizia mtoto, kisha ukaniuliza nani kapokea nguo za wateja. Hapo tukajua umerudi.

Muuguzi alituambia presha iliyoleta kifafa hicho yaweza kuondoka na baadaye ikarudi, kwa hiyo upimwe kila mwaka, hata kama huumwi popote. Ulikwenda mara mbili. Ikawa nzuri, tukashukuru, kadi ukaitia kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo. Nilipokukumbusha, hukuinua hata macho.

"Mdogo wangu, ugonjwa ulikuwa wa mimba. Sasa mimba iko wapi?"

Nikacheka. Nyumba nzima tulicheka, na miaka sita ikapita.

Mimi ndiye niliyekaa kando yako nikishona vifungo. Nilikuona ukijikanda kisogo, ukisema ni kuinama huku. Niliona, dada, na sikusema mara ya pili. Kiharusi hakikutungoja.

Kadi yako sasa nimeitundika ukutani. Mama yeyote akija kushonewa, kabla sijamzungushia futi namuuliza kama aliwahi kupata presha ya mimba, na mara ya mwisho alipimwa lini. Wengine hununa, wananiambia nishone nguo niache umbea. Wawili wamekwenda kupimwa, mmoja ameanzishiwa dawa. Nilitamani nikusimulie.

Juzi gauni la bluu la binti yako lilikuwa limempanda juu ya magoti. Nikamwambia nitamshonea jingine. Akakataa.

"Mama mdogo, mama aliacha pindo humo ndani. Fumua."

Nikafumua. Kitambaa cha ndani hakikupauka, ni bluu ileile uliyoikata. Alizunguka nalo chumba kizima, ana mwendo wako, na shemeji akatoka nje kidogo.

Unakumbukwa na mama yetu, ambaye bado anataja jina lako kwanza kabla ya kuniita mimi; na mumeo, na binti yako, na wateja wako, nami mdogo wako, ninayekalia kiti chako.

Pindo moja limebaki, dada. Hata nalo likiisha, bado tutakukumbuka.