Kinu Changu cha Jumanne

Mpwa wangu Kemunto,

Hapa kijijini Sironga tu wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa. Unauliza mbona huko Uingereza kampuni ni ya watu wasiojuana, na duka la Salimu hapa mjini ni la ndugu watupu. Umemuuliza mtaalamu!

Ujanani niliuza ng'ombe wangu wote wa mahari nikajenga kinu cha maji peke yangu, cha kwanza duniani. Mawe ya kusagia niliyachonga kwa jiwe laini la Tabaka, lile la kuchongea bakuli, maana linachongeka upesi. Unga ukatoka mweupe ajabu, nusu yake jiwe!

"Kaka, leo tunakula ugali au bakuli?" mama yako akanicheka. Wateja wakakimbia.

Salimu angeita ndugu zake wa Mombasa. Mimi nilikuwa na majirani wa egesangio tu, wale tunaolimiana mashamba kwa zamu. Huyu akaleta mawe magumu, yule mbao, na kinu tukakimiliki kwa zamu vilevile, kila nyumba na siku yake. Kikanguruma hadi Ikonge!

Siku yangu akaja binti na kapu la wimbi. Ng'ombe wa mahari yake walitoka kinuni humo. Hata leo mke wangu anadai alifuata unga tu.

Ni mimi mjomba wako,
Mwenye kinu, kila Jumanne.