Kalamu ya Mukoya

Jumatatu, 7 Julai

Mvua tena mchana. Hili ghala letu linavuja palepale, juu ya meza yangu. Nimesogeza rangi, nimemaliza bango la kinyozi. Mama Finike, mfinyanzi wa chumba cha pili, akaniomba "kalai" ya kuchanganyia udongo. Nikamwambia ni karai, mama, r kama ya radi. Zuhura wa batiki alicheka mpaka nta ikamwagika. Mama Finike akacheka pia, kidogo. Humu ndani wananiita Kamusi na jina silikatai. Mabango ya nusu ya mji ni kazi yangu. Lazima mtu mmoja ajue l na r zinakaa wapi.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Finike amekuja kwangu. Alifuta udongo mikononi kabla ya kuingia, kama anaenda kanisani. Anataka kuonyesha picha za marehemu mumewe, Mukoya. Mtu yule alichora kwa biki ya buluu juu ya karatasi za mifuko ya simiti. Mafahali wakipigana, akina mama wa sokoni, kaka yake mkubwa na lile pua lake kubwa. Mkono ule sijauona kwingine. Lakini kwenye matanga wakwe walisema mbele ya watu kwamba ndugu yao hakuacha kitu. Anataka waje kutoka Chekalini waone kwa macho yao. Hana haja nyingine.

Nikauliza bango liseme nini. Akasimama wima, akalitamka polepole, akilikata neno vipande. Kalamu ya Mukoya. Jumamosi ya wiki ijayo. Wote karibuni.

Nimeliandika jioni hii hii. KARAMU YA MUKOYA. Nyekundu, kivuli cheusi. Ulimi wake naujua, na kwetu marehemu hukumbukwa kwa kula. Nimemsahihishia bila hata kumsumbua.

Jumatano, 16 Julai

Bango liko langoni. Watu wanalipiga picha na simu, mpaka Chekalini limefika. Mama Finike hajaliona. Yuko Mautuma kwa dada yake, picha nyingine zimehifadhiwa huko.

Zuhura ameniuliza nani atapika. Nikajibu wakwe bila shaka. Alinitazama, akarudi kwenye nta yake. Nikaendelea kupaka rangi.

Jumamosi, 19 Julai

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Mama Finike alirudi jana gizani kwa mlango wa nyuma, leo tangu alfajiri alikuwa ndani akitundika picha. Bango hakuliona mpaka wageni walipomwonyesha. Walikuja lori zima la canter. Wakwe, akina mama wa kanisa wakiimba, watoto wamevalishwa soksi. Wengine wamebeba sahani zao kabisa. Na sisi tuna termosi ya chai na biskuti.

Mzee Andayi, shemeji yake, yule mwenye pua, alikaa akingoja. Wote walingoja. Hakuna aliyetazama ukutani. Mwisho akasimama. "Mama, unatuita karamu ya ndugu yetu na hata harufu ya kuku, ya ingokho, hakuna?" Mama Finike akalitazama bango. Kisha akasema, "Ni ulimi wangu. Mimi nasemanga vibaya."

Nilikuwa nimeshika termosi, hatua mbili kutoka kwake. Nikanyamaza. Wengine walicheka, karamu, kalamu, wakawa wanamwigiza. Nikanyamaza bado. Mzee Andayi aliondoka bila kugusa hata maji. Mtu wa kwenu akitoka kwako bila kunywa maji, amekutukana matusi yote.

Mimi ni mtu mdogo sana.

Jumapili, 20 Julai

Zuhura amenieleza, naye hakunipunguzia. Matangani neno lenyewe la wakwe lilikuwa hili, kwamba Mukoya aliishi kwa kuchezea kalamu. Mama Finike alitaka kuwarudishia neno lao. Ndiyo maana alilikata vipande. Alifanya mazoezi hapa kwa Zuhura, l, l, l, nisije nikamcheka. Zuhura alipoliona bango alidhani mama mwenyewe amebadili nia.

Alisema sawasawa. Siku moja aliyosema sawasawa, mimi sikumsikia.

Jumanne, 22 Julai

Nimemwambia. Maneno niliyopanga yote yalinikimbia, nikabaki na "ni mimi". Hakuacha kufinyanga. "Unaniambia mimi? Mimi si nilikuwa najua nilisema nini. Ambia wao."

Ukiacha hayo, tangu Jumamosi maneno yake humu ndani ni matatu. Ndiyo, hapana, asante. Nimeyasikiliza vizuri. Hakuna lenye l wala r.

Ijumaa, 25 Julai

Chekalini. Nilitaka kurudia njiani. Mzee Andayi alikuwa anapalilia, akaita nyumba nzima ije inisikie. Nikasimama kati ya kuku nikaeleza yote, hata lile la kumcheka, hata la termosi. Mama mmoja alisonya. Watoto walinishangaa. Mzee akaegemea jembe. "Kwa hivyo mama alisema kalamu. Na wewe msomi ukamfundisha kukosea." Nikasema ndiyo. Akacheka, si kwa uzuri, akanirudisha barabarani. Maji sikupewa. Nilistahili.

Nimefuta bango. Nimeandika kama Mama Finike alivyosema.

Jumamosi, 2 Agosti

Mzee Andayi amekuja peke yake, bila kuarifu. Amepita picha moja moja, mikono nyuma. Mbele ya picha ya lile pua lake alisimama mpaka kiatu kikaanza kumbana. Akaligusa pua lake mwenyewe. "Kumbe ndio kazi alikuwa anafanyanga," akasema.

Mama Finike alimkaribisha chumbani kwake. Kulikuwa na obusuma, ugali wetu, na ingokho, sijui alichinja saa ngapi. Mzee alikula, akanywa maji, akaomba mengine. Mimi sikuitwa. Niliosha sufuria.

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua. Nimeweka ndoo juu ya meza, inajaa taratibu. Bango la duka la mbolea limekauka nusu.

Mama Finike ameniita kutoka chumba cha pili, mikono imezama kwenye udongo. "Kamusi, rete kalai."

Nimepeleka.