Kisanduku cha Mistari Minne

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na Mama. Natumaini magoti ya Mama yamepata nafuu tangu mvua ilipokatika, na kwamba bado anakugombeza kwa kutokula asubuhi, maana siku atakayoacha kugomba ndiyo siku ya kuitana nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako ya Jumamosi nimeipata, nimeisoma nimesimama mlangoni na mkoba begani, na tangu hapo sijatulia. Umesema Alhamisi ukifika mbele ya kamati ya kuchunguza kashfa za dini utamtaja Wino, mchapaji wako, kuwa ndiye aliyekuchongea kuhusu kijitabu chako, na kwamba ushahidi wako ni barua yangu ya mwezi jana. Nakuomba uisome hii mpaka mwisho kabla hujavaa viatu siku hiyo.

Nianze na habari za kazini, maana huko ndiko jambo lilikoanzia. Tangu mwanzo wa mwaka idara yetu ya ufasiri ina kazi moja tu, nayo ni lile azimio. Nchi kadhaa zinataka dunia nzima ikubaliane kuzuia watu wasikashifu dini, na nyingine zinapinga, zikisema sheria iwalinde watu, imani itajilinda yenyewe. Mkuu wetu yuko na wale wa kwanza. Husema kwamba neno baya huwasha nyumba kabla ya kiberiti, na sikumcheka, kwa sababu nakumbuka kama unavyokumbuka wewe majirani zetu walivyovunjiana madirisha kwa ajili ya kaseti moja. Lakini unanijua nilivyo, mtu wa kunusa hata kikombe nilichokiosha mwenyewe. Nikawa najiuliza: mtu akikashifiwa huenda kushtaki kwa miguu yake, dini ikikashifiwa, anayekwenda ni nani, na nani amemtuma? Swali hilo sikulitoa mdomoni. Wanasema kuta zina masikio, na ofisini kwetu mengine yamekaa meza ya pili na yanakunywa chai yangu.

Sasa Wino. Ulipopata hati ya wito uliniomba nichunguze ni nani aliyekipeleka kijitabu, nami nikaanza kumpitia dukani kila nikitoka kazini. Niliyokuandikia niliyaona kwa macho yangu. Kibao cha duka alikishusha siku mbili baada ya wewe kuitwa. Redio, ambayo haikuwahi kuzimwa hata siku ya msiba wake, ikazimwa. Mara mbili nilimkuta akimmiminia chai karani wa kamati, wakacheka, na waliponiona wakaacha kucheka. Na siku nilipoingia bila kubisha hodi, alirusha gunia juu ya rundo la kitu pembeni mwa mashine, akaniuliza nataka nini kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa. Ukishaamua kumshuku mtu, hata akipiga chafya utasema anatoa ishara.

Jana Jumatatu, baada ya kusoma barua yako, nilikwenda kwake nikamuuliza waziwazi. Alifunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia kwamba wiki zote hizo yeye alikuwa ananishuku mimi, dada mtu, kwa sababu nakula mshahara wa serikali na nimeanza kumzungukazunguka bila kuwa na kazi ya kuchapisha. Halafu akaliondoa gunia. Chini yake vilikuwa vijitabu vyako, Kaka, mia na sitini, vimefungwa kwa kamba. Kamati ilimwagiza avisalimishe vyote, akawaambia vimekwisha. Yule karani huja kwa ajili ya kadi za harusi ya bintiye, na Wino humpa chai ili akae mahali pamoja asianze kutembeza macho. Kibao alikishusha kwa hofu, redio aliizima ili asikie nyayo. Akasema kijitabu amekisoma mara mbili wakati anakichapa, na kwamba kilimrudisha kwenye sala aliyokuwa ameiacha miaka. Kisichomwingia akilini ni sentensi gani iliyowaudhi wale watu.

Mimi naijua hiyo sentensi, Kaka. Niliichagua mwenyewe.

Mwezi wa tatu Mkuu alitaka kiambatisho cha mifano kumi ya kashfa zilizoandikwa nchini, kipelekwe kwenye mkutano wa mataifa unaojadili azimio, kwa lugha yao. Ili isionekane tunawaonea watu wa dini nyingine, kila mfasiri aliagizwa kuleta mfano mmoja kutoka kwa watu wa dini yake mwenyewe, kabla ya saa kumi jioni. Wenzangu walileta. Mimi sikuwa na kitu, na Mkuu alisimama mezani kwangu akauliza kwa upole kama labda nawaonea huruma wakashifu. Nilimwogopa. Kwenye mkoba nilikuwa na kijitabu chako ulichonipa nikusahihishie. Fomu ina kisanduku cha mistari minne, na desturi yetu ni kutoa maneno yenyewe na kuacha maelezo. Wewe uliandika kwamba wanaotudhihaki husema dini ni kamba waliyoisokota wenye nguvu ili kuwafunga wanyonge. Kisha ukaandika kwamba tusiwaitie polisi, tukae nao, tuwaoneshe ni wangapi waliovutwa kutoka shimoni kwa kamba hiyo hiyo. Nilianzia kwenye neno dini, nikaishia kwenye wanyonge. Penye chanzo nilijaza jina la kijitabu na ukurasa, kwa sababu fomu isiyo na chanzo hurudishwa. Nilijiambia kwamba inakwenda mbali, kwa lugha ya mbali, na huku nyumbani nani ataisoma.

Ripoti ilikwenda, ikarudi, ikafasiriwa tena kwa lugha yetu, ikakabidhiwa kamati. Uliponitumia nakala ya hati ya wito niliona maneno yako yanaanzia nilipoanzia na yanaishia nilipoishia. Nilijua papo hapo. Wiki mbili baadaye nilikuandikia kuhusu Wino. Hilo la kwanza nililifanya kwa woga, lakini la pili nililifanya nikiwa nimekaa, kwa mwandiko mzuri, na ndilo linalonitia aibu zaidi. Nilitaka umshuku mtu mwingine yeyote.

Ukimtaja Wino Alhamisi, watakuwa dukani kwake kabla ya saa sita, na gunia watalifunua. Ana hofu na ana mashine moja, na hakukosea chochote ila kukufichia vijitabu. Kwa hiyo usimtaje. Wape badala yake karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha hii, yenye kosa langu tu, Wino na gunia hawamo. Nimeiandika kwa mkono wangu ili wasiseme imetungwa. Kazi itakwenda, hilo najua, na pengine nitakaa kwenye benchi lile lile unalokalia wewe. Nitafika Alhamisi kwa basi la kwanza, ruhusa sikuomba. Kama hutaki nikae upande wako nitakaa upande mwingine, mradi waniache niusome ukurasa mzima wa kijitabu chako, kuanzia juu.

Sikuombi unisamehe kabla ya Alhamisi. Baada ya hapo nitakuomba, na nitaendelea kukuomba.

Mpe wifi salamu, umwambie nimemkosea na yeye. Mama macho yake hayasomi tena, na najua akisikia bahasha inachanwa atataka umsomee. Msomee yote, Kaka, hata haya. Usimkatie hata mstari mmoja.

Wasalaam,

Mdogo wako wa kike,
Mfasiri wa Pili,
aliyejaza mfano namba kumi.