Mdomo wa Hewa

Jumanne, 4 Machi

Pikapu ya maziwa asubuhi, breki. Lori la mahindi mchana, redieta inavuja. Mikono inanuka dizeli hata baada ya sabuni mbili.

Saa kumi Wekesa akaingia gerejini. Bila simu, bila aibu. Miaka miwili tangu aniache, na leo anaingia kwenye gereji ya marehemu baba yangu kama mteja yeyote. Gari jipya. La spoti, milango miwili, jekundu, chini kabisa kama linatambaa. Amelitoa Mombasa. Viti vya ngozi nyeupe.

Anataka nimbadilishie njia ya hewa ya injini. Ameona kwenye simu vijana wakijifanyia wenyewe nyumbani kwao. Paipu pana, kichujio kikubwa, sauti ya kunguruma. Jumapili huwa wanapandisha magari kule Cheptais, wanashindana kwenye kona, na yeye huachwa nyuma. Alijaribu mwenyewe, akavunja klipu tatu. Alisema mafundi wa Bungoma ni wa nyundo tu. Alisema mikono yangu haijawahi kumwangusha.

Mikono. Akili na tumbo langu vilimwangusha, lakini mikono iko sawa.

Nilimwambia alete Ijumaa. Sijui kwa nini sikumfukuza. Ninajua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepima. Boksi la kichujio lililokuja na gari kutoka kiwandani limekaa juu, karibu na taa. Linavuta hewa ya moto ya injini na linaminya sauti. Mahali salama pa kichujio kipya ni palepale juu, pamoja na kipande cha bati cha kuzuia joto. Angepata nguvu kidogo na sauti nzuri. Kazi ya nusu siku.

Kuna mahali pengine. Chini, nyuma ya bampa, pembeni ya taa ya ukungu. Huko hewa ni baridi, na hewa baridi ndiyo injini inapenda. Gari linaruka. Lakini ni shubiri moja na vidole vinne tu kutoka barabarani. Nilipima kwa mkono, halafu kwa rula, halafu tena kwa mkono.

Injini inayovuta maji badala ya hewa haikohoi na kupona. Pistoni inapanda, maji hayaminyiki, chuma kinapinda. Baba alinionyesha nikiwa darasa la saba, kwenye gari la mkulima mmoja wa Endebess. Konrodi, ile fimbo inayosukuma pistoni, ilikuwa imekunjika kama kijiti na kutoboa ubavu wa injini. Mkulima alilia mbele yetu.

Masika yanakuja. Nimekaa na rula mkononi hadi chai ikapoa.

Jumamosi, 8 Machi

Alikuja na Lilian. Mke mpya. Ana mimba ya miezi saba. Wekesa alimwekea kiti kivulini na kumfuta vumbi kwenye viatu. Mimi, miaka saba, hakuwahi kunifuta chochote. Siku aliyofungasha nguo zake alisema mbele ya dada zake kwamba amechoka kulima shamba lisiloota.

Sasa nilikuwa nimelala chini ya gari lake nikisikia wakichagua jina la mtoto.

Nimeweka kichujio chini.

Nikatoa na ile sinia ya plastiki inayofunika tumbo la injini, ile inayozuia maji ya magurudumu. Nilimwambia inabana hewa. Kuna kivalvu kidogo cha kuokoa injini kichujio kikizama. Ninacho kimoja kwenye droo. Kimebaki kwenye droo.

Wekesa si mjinga kabisa. Aliinama akatazama, akaniuliza: "Na mvua ikinyesha?"

"Haifiki huku," nikasema.

Akawasha. Gari lilinguruma vizuri sana. Kazi safi, sitajidanganya, viungo vyote vimenyooka. Lilian alipiga makofi. Wekesa alinishika bega kama mtu anayempongeza punda.

Nimelala vizuri. Niandike hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 19 Machi

Kavu bado. Vumbi Kitale nzima.

Wekesa amepiga simu. Jumapili aliwaacha wote kwenye kona za Cheptais. Alicheka kama zamani, wakati ule nilipokuwa nikimpenda. Anasema anawaambia watu ni mimi niliyetengeneza. Anawaambia aliyekuwa mke wake ni fundi kuliko wanaume.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, leta gari, nimesahau kitu. Maneno manne au matano tu. Nikamwambia afurahie.

Leo Mama Rosa ametuma mfuko wa kunde na unga wa ulezi kutoka Sirisia, kwa dereva wa lori. Mama yake Wekesa. Tangu tuachane ametuma kila mwezi. Alisema yeye hajaniacha, aliyeniacha ni mtoto wake. Sukari inamsumbua, mguu wa kushoto una kidonda tangu Desemba. Sijaenda kumwona. Nitaenda.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Saa nane mchana, kubwa, na mawe.

Nilisimama mlangoni nikiangalia maji yakijaa kwenye matuta ya barabara. Mteja alisema nimefurahi kama mkulima.

Alhamisi, 3 Aprili

Imetokea.

Saa tano asubuhi alinipigia. Anapiga kelele. Yuko karibu na Sirisia, pale barabara inashuka bondeni. Mvua ilinyesha mlimani usiku kucha, na mto umepita juu ya barabara. Aliona pikipiki ikivuka, akaingia. Katikati injini ikagonga mara moja, ikanyamaza. Maji yako usawa wa milango.

Nilijua imeisha. Kama imegonga, imepinda. Lakini chuma kilichopinda mara moja kinaweza bado kurekebishwa. Fundi mwaminifu angesema usiguse ufunguo.

Nilisema: "Jaribu kuwasha tena."

Nikasikia kwenye simu. Mlio wa chuma kikivunja chuma. Halafu Wekesa, akitaja jina la Mungu. Halafu mtu mwingine akakohoa ndani ya gari. Nikadhani ni Lilian. Nikaona vizuri, naye aone.

Nilitabasamu. Nilikuwa peke yangu gerejini na nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mchana nilikula nyama.

Ijumaa, 4 Aprili

Si Lilian aliyekohoa.

Lilian mwenyewe amepiga simu. Sauti ndogo. Alisema Mama Rosa amelazwa Bungoma, na ananiulizia. Wekesa alikuwa amemchukua kwake Sirisia kumpeleka kliniki kufungwa kidonda. Alikuwa ndani ya gari. Alikaa ndani ya maji kwa muda wa saa mbili na nusu mpaka trekta likaja.

Kidonda kiko wazi. Maji ya mto, na mavi ya ng'ombe, na kila kitu kinachoshuka kutoka mlimani.

Nimefunga gereji. Nimekaa kwenye kiti cha baba. Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili

Bungoma. Wadi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Ana homa. Mguu umevimba hadi gotini na rangi yake si rangi ya mtu. Hakunitambua mara ya kwanza. Halafu akanitambua, akauliza kama nimekula.

Wekesa alikuwa koridoni. Hajanyoa. Alinishukuru kwa kuja. Kisha akaniuliza kama injini inaweza kubadilishwa, au ni bora auze gari likiwa hivyo. Nilimtazama. Nikaona kwamba anauliza kweli.

Nilimwambia inaweza kubadilishwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Wameukata. Chini ya goti. Jana.

Niliendesha kutoka Kitale hadi Bungoma na sikumbuki barabara. Nilipofika alikuwa amelala, na blanketi liliteremka ghafla pale mguu unapoishia. Nilikaa nikiangalia pale. Nesi alinionyesha jinsi ya kumgeuza na kumwosha. Alidhani mimi ni binti yake.

Wekesa analia kwa nguvu, watu wote wa wadi wanamsikia. Anasema ni yeye. Anasema aliona maji akaingia kwa kiburi, ni yeye, ni yeye. Lilian anamshika mgongo. Mimi nilimpa leso. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Mikono yangu haijawahi kumwangusha.

Ninajichukia. Si kwa gari. Kwa gari bado sioni haya. Hilo ndilo linanitisha.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia.

Si Wekesa. Mama Rosa. Tulikuwa wawili tu, Wekesa alikuwa ameenda kununua dawa. Nilisema yote: rula, sinia, kivalvu kwenye droo, simu, jaribu kuwasha tena. Nilisema sikujua yuko ndani. Nilisema ningejua ningelia, ningekuja na trekta mwenyewe. Nilisema nitamwambia Wekesa akirudi, na nitaenda polisi kama wakitaka.

Aliangalia dirishani. Nilidhani hakuelewa mambo ya injini.

Kisha akasema, polepole, kwa ule ulimi wake wa Bungoma niliokuwa nikiutania zamani:

"Wewe ulitaka kuua gali. Gali ikakufa. Haya. Sasa sikiza ya Wekesa."

Akanieleza. Maji yalikuwa bado chini ya viti, miguu yake alikuwa ameiinua juu, bado mikavu. Mwanamume mmoja mwenye shamba pale bondeni aliingia ndani ya mto, akafika kwenye dirisha, akasema fungua mlango nimbebe mama mgongoni. Mtu mkubwa, mwenye nguvu. Ng'ambo palikuwa hatua thelathini. Wekesa akakataa. Akasema mlango ukifunguliwa maji yataingia yote na viti vya ngozi vitaharibika. Akamwambia mama yake akae, trekta linakuja. Yeye mwenyewe akatoka kupitia dirishani, akasimama ng'ambo akipiga simu. Yule mtu aliuliza mara mbili. Halafu akaenda zake. Maji yakaingia kwa chini, kidogo kidogo, mpaka mapajani.

"Nilimwita," akasema. "Aliniinulia mkono hivi. Ngoja."

Nilisema basi lazima ajue yote, tugawane lawama. Akanishika mkono. Ana nguvu bado, vidole vya mwanamke aliyelima miaka hamsini.

"Usimwambie. Ukimwambia atasema ni wewe. Atapumua." Akakaza vidole. "Mimi sitaki apumue."

Nikainama nikaweka kichwa kwenye kitanda chake. Nilidhani atanigusa nywele kama alivyozoea. Hakunigusa.

"Na wewe usidhani nimekuachilia," akasema. "Nikirudi nyumbani utakuja kila Jumamosi. Utaniosha. Utaosha hii kitu walikata. Utaiangaria."

Wekesa aliingia na mfuko wa dawa. Mama Rosa akamwambia tulikuwa tunaongea mambo ya shamba.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani sikuweza kuimba. Nilifungua mdomo tu.

Mama amerudishwa Sirisia. Nilienda jana, Jumamosi ya kwanza. Beseni, maji ya vuguvugu, chumvi. Nilipofungua bandeji alinitazama usoni, si kwenye mguu. Alihakikisha ninaangalia. Niliangalia. Kuna mishono kumi na minne, na pembeni nyama nyekundu inayong'aa. Nikatapika nyuma ya jikoni, nikanawa, nikarudi kumaliza. Hakusema pole.

Hatumi kunde tena. Nilitambua hilo njiani nikirudi Kitale, nikasimamisha gari kando ya barabara.

Jumamosi, 10 Mei

Lilian amejifungua msichana, Bungoma. Wamempa jina la Mama Rosa. Mama aliletewa mtoto, akamwangalia, akasema ni mzuri, akaomba wamwondoe kwa sababu ana maumivu. Wekesa alisimama pale na mtoto mikononi.

Nilipaswa kufurahi. Hiki ndicho nilichotaka, Wekesa amesimama na hana pa kuweka uso. Sikufurahi. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi kama wa kupiga chafya, halafu nikakumbuka mlango na viti vyeupe, ikapita. Halafu nikakumbuka rula.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Sirisia ina matope mpaka mlangoni.

Kidonda kinafunga vizuri. Sitapiki tena. Mama amejifunza kukaa ukingoni mwa kitanda mwenyewe na kushusha goti juu ya stuli. Leo aliongea nami kuhusu mahindi, kama yamepaliliwa, na nani anaiba ndizi. Mazungumzo ya kawaida. Sikuuliza maana yake.

Wekesa alikuwa kwenye baraza akimenya mihogo. Gari aliliuza kwa watu wa vipuri. Sasa anakuja kwa boda kila siku ya pili, anachota maji, anapasua kuni, na haingii ndani mama akioshwa. Amekonda. Nilikuwa nimepiga magoti na beseni, mlango uko wazi, akasema kutoka nje bila kugeuka:

"Wambui. Wewe ni fundi. Niambie ukweli, ilikuwa maji tu?"

Kisu chake kilinyamaza. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye mabati.

Nilimtazama Mama Rosa. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Alinyoosha mkono nimpe taulo.

"Maji tu," nikasema.

Kisu kikaanza tena.

Nikachukua mguu uliobaki, nikauosha, nikaukausha katikati ya vidole, kimoja kimoja, kama nesi alivyonifundisha.