Li Badala ya Na

Mjimwema, Njombe

Mpendwa mdogo wangu Fidelia,

Unisamehe kwa kimya cha miezi minne. Niliona aibu baada ya kukurudishia barua yako ikiwa imejaa masahihisho yangu ya wino mwekundu.

Viazi vimestawi, na jina lako limo miongoni mwa watakaopangishwa nyumba mpya za bei nafuu hapa. Utakihama kile chumba cha Makambako kinachovuja! Serikali itailipa kampuni binafsi izijenge.

Jana mkataba ulisomwa mkutanoni: kampuni italipwa kwa “nyumba zinazojengwa”. Nikasimama.

“Andikeni ‘zilizojengwa’. Zinazojengwa huweza kuendelea kujengwa miaka kumi.”

“Mzee, hiyo ni silabi moja tu,” akasema mwenye kampuni.

“Basi haitakusumbua kuibadilisha.”

Ukumbi mzima ukacheka. Anderson, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ofisa wa halmashauri, akaja kuomba kalamu.

“Shikamoo, Mwalimu. Ile nyekundu unayo?”

Nilikuwa nayo.

Kampuni itaamua Ijumaa kama inakubali kulipwa nyumba zikishakamilika. Nitakuandikia uamuzi huo siku hiyohiyo. Nawe niandikie upendavyo. Kalamu nimemwachia Anderson.

Kaka yako,
Elieza