Mkono wa Mtu Mzima

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na nikiendelea kulibeba peke yangu nitaugua. Lile gitaa linalosikika kwenye wimbo mpya wa yule dada mwimbaji, Chiriku, ule unaopigwa redioni asubuhi na jioni, nimelipiga mimi. Kwa gitaa lako.

Samahani, nimekurupuka kabla sijakujulia hali. Mguu umepona? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama angekusalimu kama angejua ninaandika. Ningekupigia simu, lakini unanijua, kwenye simu nakwama, nabaki kusema "eeh, eeh" mpaka mtu anakata.

Tangu nimalize shule nafanya kazi kwenye studio ya kurekodi, ile iliyo juu ya duka la vitambaa. Napokea simu, nafagia, nakunja waya. Gitaa lako nililihamishia huko nikalificha nyuma ya magodoro ya kuzuia sauti, maana nyumbani Mama akilisikia anakunja uso. Siku moja Mkuki, yule mpiga solo ambaye wenzake wote wanamnyenyekea, alitakiwa aje kuweka gitaa kwenye wimbo wa Chiriku. Dramu tu ndiyo ilikuwa imesharekodiwa. Mkuki hakuja. Fundi mitambo akaenda kula, akaacha mashine imewashwa. Nikachomeka waya. Nilitaka tu kusikia gitaa linavyotoka kwenye zile spika kubwa. Halafu nikabonyeza kitufe chekundu. Nilipanga kufuta, Mjomba, naapa.

Fundi akarudi kabla sijafuta. Gitaa nimeshalificha, nimeshika ufagio. Akasikiliza, akavuta kiti, akakaa.

"Kumbe Mkuki alikuja?"

Nilifagia.

Jioni Chiriku akaimba juu yake, na sasa wanamuziki wanakuja studio kuubishania wimbo kama watu wa mpira. Mpiga besi anasema huo ni mkono wa mtu mzima, mtu aliyeteseka na dunia. Mpiga dramu anasema mkono si kitu, hilo ni gitaa la kigeni, "gitaa la hapa haliwezi kulia hivyo hata ulibembeleze." Mkuki alipoingia wote wakasimama. "Mkuki, umeua!" Nikasubiri aseme si yeye. Akacheka, akapapasa mkoba wake mgumu wa gitaa.

"Gitaa, jamani. Gitaa."

Nifanye nini? Nikisikia mtu anapanda ngazi nakimbilia ufagio.

Mpwa wako.


15 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba. Mguu umepona, sasa ni zamu ya mgongo. Mwili huu ukiziba huku unavuja kule. Mke wangu na watoto wanakula vizuri kuliko mimi.

Barua yako niliisomea karakanani, katikati ya mageti. Nikazima mashine ya kuchomelea nikasoma tena. Huo wimbo huku unapigwa kila duka. Niliusikia nikasema, huyu mtu kalegeza nyuzi. Sikufikiria kwamba ni wewe, binti ambaye hata kuomba chumvi mezani anaona haya!

Unakumbuka nilivyokuonya usikaze nyuzi za gitaa lile mpaka mwisho, kwa sababu shingo yake ina ufa nilioubana kwa gundi? Basi umezoea kulipiga nyuzi zikiwa zimelegea. Ule uzi mnene unatoa sauti ambayo gitaa lililokazwa kama kawaida halina kabisa. Huyo Mkuki akiambiwa arudie, ataitafuta mpaka jasho limtoke, maana watu wa aina yake hawalegezi nyuzi. Wanaona ni kulidhalilisha gitaa.

Sasa nisikilize mimi mjomba wako. Maoni ya wanamuziki usiyaweke moyoni. Wakikusifu, pita. Wakikuponda, pita. Hawa ni watu wanaoweza kugombana kutwa nzima kwa sababu ya spika. Kunja waya zako, piga gitaa lako wakishaondoka, na usiseme neno. Ukijitokeza na lile gitaa kuukuu watakucheka wewe na gitaa lenyewe, na wewe kucheka pamoja nao hutaweza.

Msalimie dada yangu bila kumwambia salamu zimetoka wapi.

Mjomba wako.


1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mgongo umetulia. Jaribu kukanda na maji ya moto. Sisi tunaendelea, ingawa mimi silali vizuri.

Chiriku anarekodi albamu nzima. Amesema hakubali gitaa lingine lolote isipokuwa lile lile la kwanza, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakulazimika kupiga kelele ili aimbe. Anamtaka Mkuki kwenye nyimbo zote. Wakianza hivyo, Mjomba, basi. Hakuna atakayeniuliza kitu tena maishani zaidi ya "fundi yupo?"

Na Mkuki hawezi. Umesema kweli. Juzi alikuja mapema, akajifungia chumba cha kurekodia. Nilimsikia akiutafuta ule uzi mnene, anashuka, anafika mwisho, anasimama. Anaanza tena. Alipotoka shati lilikuwa limeganda mgongoni. Akafunga mlango wa mapokezi, akaegemea meza yangu.

"Binti, siku ile ulikuwepo. Nani aliingia humu?"

"Sijui."

"Hujui, au umeambiwa usiseme?"

"Sijui, kaka."

"Ukimjua, uniambie mimi. Mimi kwanza. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nikaanza kukunja waya uliokuwa umeshakunjwa.

Halafu kuna hili, na usinikasirikie. Unaniambia maoni yao nisiyaweke moyoni. Mbona wewe uliyaweka? Mama anasema siku moja ulirudi kutoka kwenye mazoezi ya bendi fulani, ukasimamisha gitaa nyuma ya kabati, na hukuligusa mpaka uliponipa mimi. Nikimuuliza kwa nini, anasema nikuulize mwenyewe. Ndiyo nakuuliza. Kama maneno yao ni ya kupita tu, ulipitaje mpaka ukaishia kwenye mageti?

Mpwa wako.


20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hujambo? Wote hapo hawajambo?

Hujajibu. Kila siku naangalia. Kama nimekukosea adabu nisamehe, barua ile niliituma kabla sijaisoma vizuri. Lakini swali silifuti.

Chiriku amewaita wanamuziki wote Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, kupanga nyimbo. Naogopa.

Mpwa wako.


23 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko wazima. Hukunikosea adabu. Nilikuwa naandika na kuchana, kuandika na kuchana, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepata mwanamke.

Siku hiyo unayoiuliza, bendi ilikuwa inatafuta mpiga rithim, gitaa la kusindikiza. Nikaenda na lile gitaa. Mpiga solo wao, mtu mkubwa siku hizo, akalichukua kutoka mikononi mwangu, akalinyanyua kwa vidole viwili kama unavyonyanyua panya aliyekufa. Akawaonyesha wenzake. "Mtu mwenye masikio anaweza kushika kitu hiki?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikacheka kuwapita wote. Nikalichukua nikaondoka. Watu wakiniuliza nawaambia muziki ulinichosha. Nimelisema hilo mpaka nikaliamini, mpaka uliponiuliza wewe.

Kwa hiyo nilikudanganya. Maneno yao yana uzito. Yanaweza kumhamisha mtu mji. Lakini nimekaa na swali lako siku zote hizi, nikagundua kitu kimoja: yule bwana hakunisikia. Sikupiga hata uzi mmoja. Alikuwa ameliona gitaa, basi, akatoa hukumu, na mimi nikaichukua hukumu ya macho yake nikaifanya ya masikio yake.

Nenda Jumamosi. Chukua gitaa, lipige mbele yao. Usieleze kitu. Watasikia tu.

Mjomba wako.


30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo pia. Sisi wazima kabisa.

Hawakusikia.

Ngoja nikueleze. Walikuwa wamekaa wote: mpiga besi, mpiga dramu, Mkuki, fundi mitambo, na Chiriku kwenye kiti cha pembeni. Nilitoa gitaa nyuma ya magodoro nikasimama nalo katikati ya chumba. Nilikuwa nimepanga sentensi nzuri, ikapotea. Nikasema tu, "Naomba kupiga."

"Hilo ni gitaa au mlango wa kabati?" mpiga dramu akauliza.

"Muache," mpiga besi akasema, "labda ni la kufukuzia mbu."

Wakacheka. Mimi sikucheka, Mjomba. Nilikukumbuka, nikabana meno. Nikachomeka waya nikapiga ule wimbo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa vidole vile vile na nyuzi zile zile. Sikukosea hata sehemu moja. Naapa sikukosea.

Nilipomaliza, hakuna aliyenitazama mimi. Wote walimgeukia Mkuki. Na Mkuki alikuwa amejua, nilimwona, uso wake ulikuwa umekauka. Akatazama sakafu.

"Siyo lenyewe," akasema.

Basi wakafunguka. "Ndiyo, anaiga vizuri, lakini siyo." "Linakosa ule uzito." "Unasikia? Lile la kwenye wimbo ni la kigeni, hili linalia kama bati." Fundi mitambo, ambaye mashine yake ndiyo iliyonirekodi, naye akatikisa kichwa kwa huruma. "Mkono bado wa kitoto," mpiga besi akasema. Yule yule wa mkono wa mtu mzima.

Nilitaka kuchomoa waya nikimbie. Nilishaushika. Chiriku ndiye aliyesema, "Rudia."

Akasimama, akafumba macho, akaanza kuimba nami. Na kuna mahali, kabla ya kiitikio, ambapo siku ile nilichelewa kidogo kwa sababu nilisikia mlango wa chini nikadhani fundi anarudi. Ukawa ni mwanya. Chiriku alipoimba juu yake aliutumia mwanya ule kuvuta pumzi, na sasa ndivyo anavyouimba kila mahali. Na mimi umeshaniingia vidoleni. Tulipofika pale nikachelewa, yeye akavuta pumzi, tukaingia pamoja. Akafumbua macho. Akaacha kuimba.

"Mkuki," akasema, "hebu piga wewe."

Mkuki akafungua mkoba wake. Akapiga vizuri, Mjomba, ana vidole vya kutisha. Lakini alipoushukia ule uzi mnene hakukuwa na kitu, na pale kwenye pumzi akapita moja kwa moja. Akaacha, akakunja na kukunjua kidole.

"Leo kidole kinanisumbua," akasema.

"Pole," Chiriku akamjibu. Hakumwaibisha. Akanigeukia. "Jumatatu asubuhi. Njoo na hilo hilo. Nyimbo zote."

Wengine wakaona ni huruma tu. Mpiga besi akanong'ona kwamba wanawake wanabebana. Mkuki akabaki nyuma, akainama kutazama vigingi vya kukazia nyuzi zangu, akagusa ule mnene.

"Kumbe nyuzi," akasema polepole.

"Nyuzi na vidole," nikasema. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Akanitazama, nikadhani atanipiga. Akafunga mkoba wake. "Na vidole," akasema, akaondoka.

Kwa hiyo kazi nimeipata, na Mama nimemwambia. Alikunja uso, halafu akauliza nitavaa nini. Na sasa najua thamani ya maoni yao kuliko mtu yeyote, maana nimewasikia wakinisifu bila kunijua na kuniponda bila kunisikia. Ningetakiwa niwe nimepona.

Lakini nilipokuwa nashuka ngazi, mpiga dramu alinipita akaniambia, "Ila umejitahidi, binti." Basi. Mjomba, nimetembea na hilo neno mpaka nyumbani. Nimekula nalo. Najua hajui alichokisikia, najua kabisa, na Jumatatu nitapiga huku nikitega sikio kama atalisema tena.

Hili usimwambie mtu. Si Mama, si mkeo. Hata mimi mwenyewe, tukionana, usinikumbushe.

Mpwa wako.